Siku moja maishani mwangu: kaunta ya famasi Ngamiani na kimeng'enya kiitwacho PDE

Saa 2 asubuhi. Kwanza kipimajoto cha ukutani. Vidonge vingi havitaki joto lipite nyuzi 30, na Tanga mwezi wa pili chumba kisicho na kiyoyozi huvuka hapo kabla ya adhuhuri. Nikishaandika kwenye daftari, nakagua tarehe za mwisho za rafu moja ambayo mfamasia mwingine angeitawanya: sildenafili, tadalafili, teofilini, aminofilini ya sindano, silostazoli. Kwa mteja hizo ni dawa za nguvu za kiume, za pumu, na za miguu inayouma ukitembea. Ndani ya seli zote zinazuia kitu kimoja, fosfodiesterasi, au PDE.

Homoni au neva ikiigusa seli kwa nje, ndani hutengenezwa cAMP au cGMP, molekuli ndogo za kupeleka habari. Habari isipofutwa, seli haitulii. PDE ndiyo inayofuta: ina zinki na magnesi kwenye kishimo chake, inatumia maji kukata pete ya fosfeti, cAMP inabaki AMP ya kawaida na cGMP inabaki GMP. Binadamu ana familia 11 za kimeng'enya hiki, kutoka jeni 21. PDE4 hukata cAMP tu, PDE5 cGMP tu, PDE3 zote mbili. Kila kiungo kina mchanganyiko wake, na humo ndimo yanamotoka manufaa na madhara yote ya rafu hii.

Saa 3. Mzee anaweka cheti cha isosorbidi dinitrati, vidonge vya moyo. Kisha anashusha sauti.

"Na ile ya buluu, mwanangu. Viwili tu."

"Hiyo na hii haziendi pamoja, baba. Hata nusu."

Hapa sibembelezi wala sipunguzi dozi. Nitrati, yaani kundi la isosorbidi, inaongeza cGMP kwenye mishipa, sildenafili inazuia PDE5 isiiondoe. Ni karo lililofunguliwa bomba huku tundu limezibwa. Mishipa inalegea yote kwa pamoja, presha inaanguka, na mtu mwenye moyo mbovu anaweza asiamke. Walioshazoea isosorbidi kila siku hawana "saa salama" ya kumezea nyingine, maana nitrati iko mwilini muda wote. Ninachoweza ni kumrudisha kwa daktari wake wa moyo na swali lililoandikwa vizuri, ili asilazimike kulitamka tena mbele ya watu.

Asiyetumia nitrati bado nina ya kumuuliza. Dawa za tezi dume kama doksazosini nazo hushusha presha, kwa hiyo anaanza na sildenafili ya mg 25, si 50. ARV za mstari wa pili zenye ritonaviri huzuia ini lisiivunje sildenafili, na hapo kikomo ni mg 25 ndani ya saa 48. Anayemeza dolutegraviri, ARV nyingine, hana shida hiyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: dawa inavunjwa haraka, mteja anarudi kulalamika kwamba ameuziwa feki.

Saa 5. Simu kutoka zahanati. Muuguzi ana mgonjwa wa pumu wa kilo 60, salbutamoli, dawa ya kufungua pumzi, haijamfungua vya kutosha, daktari ameagiza aminofilini. Siku hizi si dawa ya kukimbilia kwanza, lakini pengine ndiyo iliyopo. Swali langu la mwanzo si uzito, ni hili: amemeza teofilini nyumbani, maana aminofilini ni teofilini ileile? Kama ndiyo, dozi ya kuanzia haitolewi. Kama hapana, mg 5 kwa kilo ni mg 300. Ampuli ina mg 250 katika ml 10, yaani mg 25 kwa kila ml, hivyo anavuta ml 12, anachanganya kwenye ml 100 za maji ya chumvi, na dripu inakwenda dakika 20 hadi 30. Kosa linaloua ni kuisukuma kwa sindano ndani ya dakika mbili tatu: moyo unaenda mbio, unapoteza mpangilio, na degedege inaweza kufuata.

Kwa nini ni kali hivi? Sildenafili huchagua PDE5, ila teofilini haichagui. Inagusa familia nyingi pamoja na vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwili inayoleta usingizi. Kiwango kinachofaa kwenye damu ni mg 10 hadi 20 kwa lita, na juu kidogo ya hapo kuna kutapika. Antibiotiki kama siprofloksasini na erithromisini hukipandisha bila mtu kuongeza kidonge hata kimoja.

Saa 7. Silostazoli kwa mama mmoja, dozi ya mwezi. Miguu ikivimba au pumzi ikikatika aache na aje: inazuia PDE3, ambayo iko moyoni pia, na moyo ulioshindwa kazi hauruhusiwi dawa hii.

Saa 10 alasiri. Kahawa chungu na kashata kwa muuza kahawa wa barazani. Wanafunzi wa famasi hupenda kusema kafeini inachangamsha kwa kuzuia PDE. Inaizuia kweli, ila kwa kiwango kikubwa mno kuliko cha vikombe vyetu. Kinachokuondolea usingizi hapa ni adenosini kuzibiwa njia.

Saa 2 usiku. Wanaume wanaanza kuja mmoja mmoja. Sildenafili saa moja kabla, na biriani lenye mafuta huichelewesha karibu saa nzima. Tadalafili haijali chakula na hukaa zaidi ya siku. Hakuna kati ya hizi mbili inayoanzisha kitu bila hamu, kwa kuwa cGMP lazima kwanza itengenezwe. Rangi ya buluu machoni ni PDE6 ya retina iliyoguswa kidogo. Vumbi la pakiti isiyo na maandishi siliuzi: katika nchi nyingi "mitishamba" ya aina hiyo imekutwa na sildenafili ndani, na hakuna anayejua ni mg ngapi.

Naandika nyuma ya bahasha: uume ukisimama zaidi ya saa nne, nenda hospitali ya Bombo. Kifua kikibana, mwambie daktari jina la dawa na saa uliyomeza, maana nitrati haitawekwa kabla ya saa 24 kwa sildenafili, na 48 kwa tadalafili.