Nimerudi Dar: sanaa ambayo simu haikuniletea

Niliondoka Dar es Salaam mwigizaji Kanumba akiwa bado hai, nimerudi nikamkuta mtoto wa Khadija Kopa, Zuchu, anaimbwa hadi na watoto wa chekechea. Miaka yote hiyo ya katikati nilikuwa Birmingham, nikifanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee, na ndugu zangu wanapenda kuniambia kwamba nimepitwa na mengi.

Kwa Bongo Fleva sikupitwa na kitu. Diamond akitoa wimbo usiku, alfajiri ninao kwenye simu nikielekea kazini. Mabishano ya mashabiki wake na wa Ali Kiba niliyafuata kama mtu aliyekaa Tandale. Nilichokikosa ni sanaa isiyokamilika mpaka uwe umebanana na watu wengine, na tangu nitue ndiyo ninayoizungukia.

Nilianzia kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video kwa kiingilio. Cha mtaani kwetu Mbagala bado kipo, mabati yale yale na mabenchi yale yale, ila sasa mechi za Ulaya ndizo zinazokilisha na picha zimesukumiwa mchana. Siku niliyoingia ilikuwa picha ya Kihindi iliyotiwa Kiswahili. Sisi tulikua na sauti ya msimulizi Lufufu kwenye kanda za VHS. Vijana wa leo wana DJ Murphy na wenzake. Usidhani kazi yao ni kutafsiri tu. Msimulizi anampachika adui jina la kimtaani, anamwonya stelingi kwamba kuna mtu nyuma ya mlango, anaeleza mila za Wahindi, halafu anarudi kwenye mazungumzo bila kuachwa nyuma na picha. Watazamaji nao wanambishia. Kuna mzee mmoja alimjibu msimulizi kwa dakika nzima, kwa hasira ya kweli, kwamba yule binti hana kosa. Nimeingia kumbi nzuri sana za sinema Uingereza, zenye viti vya kulalia, na sijawahi kutoka na furaha niliyotoka nayo pale na shati limelowa jasho.

Filamu zetu wenyewe zimehama. Zamani ungezifuata Kariakoo, diski ya sehemu ya kwanza na ya sehemu ya pili zinauzwa mbalimbali, ukirudi nyumbani na moja tu umeumia. Sasa ni tamthilia, Azam TV na Maisha Magic Bongo, na mimi nasema wazi kwamba tumepanda. Mwongozaji Lamata, kwa mfano, anajua kumpa mhusika muda wa kunyamaza, jambo ambalo filamu zetu za diski hazikuwa na subira nalo. Bado muziki wa nyuma unapigwa kwa nguvu mpaka unameza maneno, na hilo linaniudhi kila jioni.

Lakini tamthilia nayo nimeielewa nje ya televisheni. Nilikuwa gengeni na shangazi, akaja mama mmoja anayeigiza mama mkwe katili. Jina lake naliacha, hakuja pale kutafuta umaarufu, alikuja kununua nyanya. Shangazi alikataa kumwitikia salamu. Muuza genge akamwambia, "Kwanza tueleze, yule binti wa watu jana umemfukuza kwa kosa gani?" Yule mama hakucheka wala hakusema ni maigizo. Alisimama wima, akashika kiuno, akajitetea kama mama mkwe mwenyewe: binti mvivu, kijana wangu anakonda. Wanawake wakamvaa. Walibishana mpaka nyanya zikasahaulika, na mwisho aliongezewa fungu la bure. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mfuko wa vitunguu na nilitamani kumwamkia kwa magoti. Waigizaji wengi duniani wanalindwa na walinzi wasiguswe na watazamaji wao. Huyu alikuwa anafanya kazi yake katikati yao, bila kamera.

Kinondoni nilikwenda peke yangu, kwenye kaburi la Kanumba. Alifariki Aprili 2012, na ule umati uliokwenda kumuaga Leaders Club niliuona kwenye kioo cha simu ndogo, nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, nikilia mbele ya watu wasiojua ninamlilia nani. Ilibidi niende. Nimeenda.

Upande wa muziki, mtu akiniuliza nini kipya, namwambia singeli. Nilipoondoka tulikuwa na mchiriku, vile vinanda vidogo vya Casio na ngoma, ambao Jagwa Music waliufikisha Ulaya. Singeli imekulia kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, huku huku uswahilini. Ma-DJ walikata vipande vya ala za taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika, na MC akajaza maneno juu yake bila kuvuta pumzi. Studio ya Sisso pale Mburahati ilitosha kuwafanya wazungu wacheze. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi zao. Wanaosema ni kelele na matusi, matusi nayakubali, yapo, na saa nyingine watoto wako macho. Kelele siikubali. Redioni kila wimbo wa pili sasa una mdundo wa amapiano kutoka Afrika Kusini. Singeli hatukuazima kwa mtu.

Na dansi bado lipo, jamani. Msondo iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde ya 1978, zote nimezikuta zinapiga. Mzee Gurumo, aliyeimba kwenye bendi zote mbili, alifariki 2014 nikiwa mbali, na niliogopa nitakuta jukwaa limekufa naye. Halijafa. Kinachopungua ni watu wa kuanzia umri wangu kushuka chini. Viti vya mbele vimekaliwa na wazee watupu. Wimbo unaanza taratibu, mashairi yanasikika neno kwa neno, halafu linakuja chemko, magitaa yanafukuzana na tarumbeta zinaingia kwa pamoja, na hapo hakuna anayebaki kwenye kiti.

Wale mnaokuja likizo ya Desemba, Jumapili jioni acheni hoteli za ufukweni. Ulizeni bendi inapiga baa gani, muwahi, na mlipe kiingilio bila kuomba punguzo. Bebeni noti ndogo ndogo za kutunza. Mwimbaji ukimtunza, mwambie jina lako au la mama yako, atalitia kwenye wimbo.