Mrututu barazani kwa shangazi

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilishikwa na jambo moja, kwamba mwani mkavu unaweza kunasa metali kama shaba, risasi na kadmiamu kutoka kwenye maji taka ya viwandani. Likizo ilipofika nikaenda Jambiani, Unguja, kwa shangazi, mkobani nina kichupa cha mrututu, yaani salfeti ya shaba, dawa ileile wanayopulizia kahawa kule Kilimanjaro.

Shangazi ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani ile, Paje na Jambiani, mwaka 1989. Anachopanda ni spinosamu, inayosafirishwa nje kutolewa karajinani ya kuzitia uzito aiskrimu na dawa za meno. Mimi sikuutaka huo. Niliutaka wa kahawia wenye vibofu vya hewa, sagasamu, unaotupwa ufukweni na asiwepo wa kuuokota. Kuta za seli zake zimejaa alginati, kitu chenye utelezi, nayo ina sehemu zenye chaji hasi ambazo baharini hushikiliwa na kalsiamu. Shaba au risasi ikifika, kalsiamu inaachia nafasi na metali inakaa. Kazi yote hiyo haihitaji uhai, na kwa kiwanda hilo ni jambo kubwa: maji yenye sumu hayawezi kuua kilichokwisha kufa.

Niliuosha kwa maji baridi kuondoa chumvi, nikauanika. Nilipoomba kinu nikakataliwa papo hapo.

"Hicho cha mpunga, mwanangu. Na hiyo sumu yako isipite jikoni kwangu."

Nikaufikicha kwa mikono, nikautia kwenye maji ya mrututu. Chupa ya kwanza ilitoa maji ya rangi ya chai, kwa kuwa mwani wa aina hii usipotayarishwa huvuja rangi yake na sehemu ya alginati. Tiba yake ni kuuloweka kwanza kwenye kloridi ya kalsiamu, nami nilikuwa nimepewa kidogo maabara. Baada ya hapo mambo yakanyooka. Chupa mbili za mrututu zikakaa barazani, moja ina mwani, nyingine haina. Nikawa natikisa ile yenye mwani kila nikipita. Kufikia alasiri buluu yake ilikuwa imefifia mno, na nilipodondosha amonia, ambayo hukoleza buluu palipo na shaba, ilijibu kwa unyonge. Ile isiyo na mwani ikageuka wino.

Shangazi alirudi kutoka pwani, nguo zimelowa hadi kiunoni, akaitazama ile chupa kwa muda.

"Imekwenda wapi?"

"Imo ndani ya mwani, shangazi."

"Basi hujaiondoa. Umeihamisha."

Nilikuwa na jibu, maana nilikuwa nimeomba maji makali ya betri kwa fundi wa magari. Nikayazimua, nikamwagia ule mwani kiasi cha kikombe. Haidrojeni ya asidi huing'oa shaba pale ilipokaa, na buluu ikarudi, safari hii imechanganyika na ukahawia. Nikamweleza kwamba faida ndiyo hiyo: metali iliyotapakaa kwenye pipa zima sasa imo kikombeni, inaweza kuvunwa, na mwani ukatumika tena, ingawa kila mzunguko unauchosha.

Hakuvutiwa na kikombe. Alikuwa ameshafika mbali kuliko mimi.

"Na huu wangu nao una tabia hiyo?"

Nikamwambia ndiyo, mwani mwekundu nao hunasa, kwa viwango vyake. Akaniambia wapo wenzake waliotaka kusogeza vigingi karibu na mfereji wa maji taka wa hoteli moja, kwa sababu pale si mbali na njia. Yeye alikataa kwa ajili ya harufu tu. Bamvua lililofuata aliwaita wenzake wote, akanisimamisha mbele yao nieleze ya mrututu. Wawili walishakuwa wamepiga vigingi, wakanikasirikia mimi.

Yale mabaki niliyafunga kwenye galoni nikarudi nayo chuoni. Mhadhiri akaniuliza swali la shangazi, imekwenda wapi, ila yeye alitaka jibu kwa miligramu.