RAM haijaibiwa, soma ramani kwanza

Kuna ugomvi usioisha kwenye vibanda vya mafundi kompyuta pale Ngamiani, Tanga. Mteja kanunua laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, kafika nyumbani, mfumo unamwonyesha GB 2.9. Kesho yake huyo mlangoni: "Kaka, RAM yangu mmeichomoa." Kabla hamjafika kwa mjumbe, washeni Linux hata ya kwenye flashi, kisha andikeni:

sudo dmesg | grep e820

Kwa mashine ya namna hiyo, mistari ya maana ya ramani ya RAM (anwani ya mwanzo hadi ya mwisho, kwa namba za msingi wa 16) inakuwa hivi:

[mem 0x0000000000000000-0x000000000009fbff] usable
[mem 0x0000000000100000-0x00000000bbffffff] usable
[mem 0x00000000bc000000-0x00000000bfffffff] reserved
[mem 0x0000000100000000-0x000000013fffffff] usable

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, haiendi kuipapasa RAM yenyewe ili ijue inaishia wapi, maana anwani nyingine si za RAM. Ni milango ya kadi na vifaa. Inaiuliza BIOS, programu ya ubaoni inayowasha mashine. Wito ni int 0x15 na EAX (rejista ya prosesa) ikiwa na 0xE820, na jibu linakuja mstari mmoja mmoja: mwanzo, urefu, aina. Aina 1 ni ya kutumia, 2 imeshikwa, 3 na 4 ni za ACPI (usimamizi wa umeme na vifaa), 5 ni mbovu. Kwenye UEFI, mrithi wa BIOS, kazi hiyo hufanywa na GetMemoryMap.

Sasa hesabu. Mstari wa kwanza ni KB 639 tu, kisha pengo la vitu vya kale: skrini ya VGA na ROM. Mstari wa tatu ni MB 64 ambazo BIOS imeikatia kadi ya picha iliyomo ndani. Uhondo uko mstari wa nne. Karibu na GB 4 anwani zimegawiwa vifaa vya PCI, kama mtaa wenye namba za viwanja lakini viwanja si vya nyumba. GB 1 ya RAM iliyokosa nafasi ikahamishiwa juu ya 0x100000000. Mfumo wa biti 32 usio na PAE (njia ya kufikia anwani za juu ya GB 4) haufiki huko, basi unabaki na GB 3 toa MB 64. Ndiyo hiyo 2.9. Weka mfumo wa biti 64, GB inarudi bila kugusa bisibisi. MB 64 hazirudi, labda BIOS ikuruhusu kuzipunguza.

Mashine ikiganda ovyo, hapo ni kisa kingine. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na miguu ya RAM hushika kutu, kwa hiyo chomoa, sugua kwa ufutio wa penseli, rudisha, kisha endesha memtest86+, programu ya kupima RAM. Ikionyesha kosa palepale kila mzunguko, tuseme 0x7a312f40, na hela ya RAM mpya haipo, iambie kerneli iruke kipande hicho. Kwenye /etc/default/grub, faili ya mipangilio ya GRUB inayoiwasha Linux, ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX, ongeza:

memmap=1M\\\$0x7a300000

Halafu sudo update-grub. Mikwaju mitatu hiyo (\\\) si urembo. Ukiisahau, alama ya dola inaliwa njiani, kerneli inapata ukubwa bila anwani na kuuchukua kama kikomo cha RAM yote. MB 1! Mashine haiwaki. Dawa ni kubonyeza e kwenye menyu ya GRUB na kufuta hilo neno la memmap kwa mkono.

Ukishawasha, hakikisha kwa sudo dmesg | grep 'user:'. Kipande chako kinatakiwa kionekane hapo kikiwa reserved. Kama hakipo, rudi ukahesabu mikwaju.