Timazi

Fremu ilikuwa ya saizi 56, nami nina urefu wa sentimita 165. Leo nikiziona namba hizo pamoja naumia, lakini mwaka 2013 sikujua kwamba baiskeli ina saizi kama kiatu. Niliinunua mtumba Nairobi, ya alumini, nyekundu, nikaibeba kwa mkono mmoja hadi kituo cha matatu nikijiona nimebahatika. Ilikuwa Julai, mwezi uleule ambao Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France kwa mara ya kwanza. Sisi tuliokuwa tunaipenda baiskeli tulitembea tumeinua vichwa.

Kundi letu lilikutana Kiserian kila Jumamosi alfajiri. Kwa kuwa usukani ulikuwa mbali nami, nilisogeza kiti mbele mpaka reli zake zikafika mwisho. Kiti kikaanza kunibana, nikakiinamisha pua. Kila dawa ilizaa ugonjwa wake: uzito wote ukaniangukia viganjani, vidole vikawa vinakufa ganzi kabla hatujamaliza saa moja, na goti la kulia likaanza kuchoma. Jumamosi ya tatu nilishuka kabla ya kilele cha Corner Baridi nikasukuma. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupotea kwenye kona. Aliyegeuka kunifuata ni Mzee.

Yeye alikuwa mwashi, amepita miaka 60, na miguu yake ilikuwa myembamba na migumu kama mpini wa jembe. Hakuniuliza kama nimechoka. Alinitazama nikipiga pedali mita chache, akasema, "Binti yangu, mguu hauna kosa. Nyumba yako imejengwa upogo. Ijumaa uje mjengoni."

Nikaenda baada ya kazi. Vibarua walikuwa wananawa saruji. Mzee alilibana gurudumu la nyuma katikati ya mafungu mawili ya mawe ya kuchonga, akaniambia nipande nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kuendeshea. Alianza na kiti. Akaweka pimamaji juu yake, ile ile ya kusawazishia kuta, akalegeza boliti kwa spana ya alen mpaka kipovu kikatulia katikati. Kisha urefu: "Weka kisigino kwenye pedali, ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke wenyewe, usiunyooshe." Kiti kikashuka karibu sentimita 3. Kumbe nyonga zangu zilikuwa zikiyumba kila mzunguko ili mguu ufike chini, na mimi nilidhani huko ndiko kujituma.

Halafu akatoa timazi, ule uzi wa mwashi wenye uzito mwishoni. Aliniambia nisimamishe krenki, ile mikono inayobeba pedali, zikiwa sambamba na ardhi, mguu wa kulia mbele, akashika uzi chini kidogo ya pia ya goti na kuiacha ncha yake ya shaba ining'inie. Ilipotulia, ilikuwa mbele ya ekseli ya pedali kwa upana wa vidole viwili. Mzee hakusema neno, aliniachia niione mwenyewe. Akarudisha kiti nyuma, akapima tena, akarudisha tena, mpaka uzi ukapita sawasawa katikati ya ekseli. Sasa usukani ulikuwa umezidi kuwa mbali. Akafungua stemu, kipande kinachoshika usukani, yangu ikiwa ya milimita 120, na kuweka fupi ya 80 aliyoitoa kwenye mkebe wa misumari. Fremu ilibaki kubwa, hilo hakuweza kulibadilisha, na alinieleza waziwazi kwamba nikipata pesa nitafute ya 52. Mwisho akazungusha mkanda mweusi kwenye bomba la kiti, alama ya urefu wangu.

Kesho yake tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Corner Baridi tulipita nikiwa ndani ya kundi, na Bonde la Ufa likafunguka chini yetu, la kijivu, kisha la dhahabu. Tuliteremka kuelekea Olorgesailie, eneo la makumbusho ya watu wa kale, tukipaza sauti kutoka mbele hadi nyuma: shimo, mbuzi kushoto, gari nyuma. Kwenye tambarare tulipokezana kukata upepo, kila mtu dakika mbili. "Tazama mgongo wangu," Mzee aliniambia, "usilikodolee macho gurudumu." Nilifanya hivyo, na ghafla niliweza kuona barabara nzima.

Olorgesailie tulikula nduma na ndizi. Mzee aliingia kuona mashoka ya mawe yaliyolala pale chini kwa maelfu ya miaka mara mamia. Alisimama juu ya ule ubao wa kupitia kwa muda mrefu kuliko sote. Aliporudi alisema tu kwamba aliyechonga vile alikuwa anajua jiwe litapasukia wapi.

Kurudi ni kupanda karibu mita 1,000, jua likiwa utosini. Gia yangu nyepesi kabisa ilikuwa meno 39 mbele kwa 25 nyuma, na miguu iliungua, sitaficha. Lakini iliungua mapajani, mahali pake. Goti lilikaa kimya. Nilikuwa nikisubiri ule mchomo kila kona, kona ikapita, nyingine ikapita, nikaanza kuhesabu pumzi badala ya maumivu. Karibu na kilele upepo wa baridi ulinipiga kifuani, nikainua mkono kuchukua chupa na kuvisikia vidole vyote vitano juu ya plastiki.

Mzee alikuwa amesimama kando ya barabara, mguu mmoja chini.

"Goti?"

"Halijasema kitu, Mzee."

Akainama kuangalia ule mkanda mweusi kama kiti kimeteleza. Hakikuwa kimeteleza. Akapanda, tukashuka Kiserian pamoja, yeye mbele.