Macho ya Bibi

Jumamosi, saa tatu usiku. Umeme umekatika tangu magharibi na embe zinadondoka juu ya bati la jirani, kila moja na kishindo chake. Naandika kwa simu, chaji imebaki asilimia 19. Nikikatisha, mjue sababu.

Wiki ya tatu hii nafundisha watu wasio wangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Tabora mjini. Rafiki yangu daktari anasimamia wanafunzi wa udaktari waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, na ndiye aliyeniingiza. "Dozi zote wanazijua," alilalamika, "ila mzee akianza kujieleza, wanachungulia simu." Nikamwuliza mwalimu wa ngano na tamathali atawafaa nini. Akasema wenzetu Marekani walishaanza. Pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, daktari Rita Charon alianzisha mwaka 2000 programu ya kuwafunza madaktari kusoma na kusikiliza visa vya wagonjwa. Chuo Kikuu cha Yale nao waliwapeleka wanafunzi wao kwenye jumba la sanaa, wakae mbele ya michoro waeleze wanachokiona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliopitia zoezi hilo walibaini mambo mengi zaidi kwenye picha za wagonjwa kuliko wenzao.

Wiki ya kwanza nilivurunda. Nilikwenda na methali. "Penye wazee haliharibiki neno," nikaichambua kama niko kidato cha nne. Binti mmoja akauliza kama itatoka kwenye mtihani. Nikafunga daftari.

Wiki ya pili daktari alimleta babu mmoja mstaafu wa reli, ambaye alikubali kwa furaha kuwa darasa. Niliwapa vijana kazi ya hadhira ya ngano: hakuna swali linaloruhusiwa isipokuwa "Halafu?" Mmoja alimwuliza, "Shikamoo babu, unasumbuliwa na nini?" na babu akaanzia Usoke. Kisha Urambo, Kaliua, Uvinza, hadi Kigoma, na nani alipanda wapi na kuku wangapi. Niliwaona wanavyoteseka. Dakika ya ishirini hivi, treni ikiwa njiani kurudi, mkewe akafariki. Tangu hapo, alisema, hapiki, anangoja sahani ya jioni kutoka kwa mkwewe.

"Halafu?"

"Halafu nameza dawa. Si wameandika baada ya kula? Nala mara moja, nameza mara moja."

Vidonge vya sukari, kutwa mara tatu. Dozi yake ilishaongezwa mara mbili kwa kudhaniwa kwamba dawa haimfai. Daktari hakusema kitu, aliandika tu.

Sasa ya juzi Alhamisi, ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Jumba la michoro hatuna, ila nina mwanafunzi wa kidato cha tatu anayechora popote pale, hata kwenye karatasi ya mtihani. Nilimwomba picha moja, akaleta ya bibi yake. Kikongwe amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kanga kifuani, mwiko mkononi. Picha yote ni penseli ya kawaida, isipokuwa macho. Macho ameyatia nyekundu.

Nikaibandika ubaoni. Nikawapa sharti: sema unachokiona kabla ya unachokifikiri. Kijana mmoja wa nyuma, mcheshi wa kundi, akasema, "Mchawi huyo." Wakacheka. Nami midomo ilinicheza kidogo, siwezi kudanganya.

Kwa asiyetoka huku: hilo si utani. Kwenye mikoa yetu ya magharibi na ile ya kanda ya ziwa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Kila mmoja mle darasani alilijua hilo. Labda ndiyo maana kicheko kilikatika ghafla vile.

"Uchawi umeuona wapi kwenye picha?" nikamwuliza.

"Kwenye macho."

"Yamefanyaje?"

"Mekundu."

"Basi sema mekundu."

Kikapita kitambo. Mwingine akaona masizi juu ya kizingiti. Mwingine, kwamba jiko halina dirisha. Binti yule wa mtihani akasema mkono wa kulia umepooza. Nikamkatalia, hilo umelifikiri. Akatazama tena: "Mwiko uko mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani, vidole vimekunjwa." Hapo daktari akasogea mbele. Akawaeleza moshi wa kuni unavyofanya macho kwa miaka hamsini ya kupika. Trakoma, inayogeuza kope zikakwaruza jicho. Presha ya macho. Akaongeza kwamba mzee anaweza kupata homa ya mapafu bila mwili kuchemka, dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa tu, na nyumbani wakasema ni uzee, au wakasema jingine. Aliposema "jingine" hakumtazama yule kijana, na kijana hakuinua kichwa.

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Somo zuri, nilijiambia. Nikala chipsi mayai kujipongeza.

Jana asubuhi mchoraji wangu akanisubiri mlangoni mwa ofisi ya walimu. "Shikamoo mwalimu. Bibi anauliza, madaktari wamesemaje?"

"Marahaba. Wamesemaje kuhusu nini?"

"Kuhusu macho. Nilimwambia picha yake imekwenda kwa madaktari. Anauliza kama yanatibika."

Kile kicheko sikumwambia. Nilimwambia wameisifu sana picha, na nikasikia jinsi jibu hilo lilivyo jepesi. Saa nzima tulimtazama yule bibi, madaktari watarajiwa kumi na wanane, daktari wao na mimi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anaishi wapi.

Anaishi Ipuli. Jumatatu nitamfuata na bajaji. Nimempigia daktari, kasema tufike mapema, kabla foleni ya dirisha la wazee haijawa ndefu. Yule kijana mcheshi ndiye atakayekuwa zamu.