Siku moja maishani mwangu: mtunza mitungi ya oksijeni

Saa 12:30 asubuhi

Napokea zamu, na kabla ya chai naanza na minyororo. Stoo yetu ya gesi iko nje ya jengo la hospitali, ina bati juu na wavu ubavuni, maana gesi ikivuja lazima ipate pa kutokea. Mitungi iliyojaa ina upande wake na mitupu ina upande wake, kila mtungi umesimama na umefungwa ukutani. Nashika mnyororo mmoja mmoja kwa mkono. Kuangalia tu hakutoshi.

Mtungi mkubwa una uzito unaokaribia kilo 80, lakini oksijeni iliyomo haifiki kilo 10. Kilichobaki ni chuma, na kazi ya chuma hicho ni kuzuia mgandamizo wa bar 137, zaidi ya mara 130 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Mtungi ukianguka koki ikakatika, gesi yote inatoka kwa mkupuo na chuma kile kinaruka kwa nguvu ya kutoboa ukuta. Ndiyo maana hapa mtungi hauburuzwi, haulazwi ukabingirishwa, na hausogei bila toroli.

Saa 1:15

Wodini. Sister ananiuliza swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote ya siku: "Kaka, huu utatufikisha saa ngapi?"

Geji, kipimo cha mgandamizo, inasoma bar 60. Mtungi wa aina hii ukijaa, kwa bar 137, unatoa lita 6,800. Oksijeni hukaa mtungini ikiwa gesi, kwa hiyo mgandamizo ukipungua nusu, na gesi imepungua nusu. Kwa 60 zimebaki kama lita 3,000. Mgonjwa anatumia lita 5 kwa dakika. Hizo ni dakika 600, saa 10.

"Sister, hesabu inasema muda wa saa 10, lakini tushike muda wa saa 8. Saa 9 alasiri naleta mwingine."

Zile saa mbili za akiba siziachii hata kidogo. Daktari anaweza kuongeza mtiririko wakati wowote, na mtungi haufai kukaushwa kabisa: usipobaki na mgandamizo, hewa yenye unyevu huingia na kutu huanza ndani. Namwandikia Sister muda huo kwenye kibao cha mtungi, ili zamu ijayo isianze kukisia.

Saa 3

Chumba cha upasuaji. Hapa ile hesabu ya geji haifanyi kazi kwa kila mtungi. Naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi, huwekwa ikiwa kimiminika. Kadiri gesi inavyotumika, kimiminika kinachemka na kujaza pengo, na geji inabaki palepale karibu hadi mwisho, kisha inashuka ghafla. Huu mtungi unapimwa kwa mizani: ukiondoa uzito wa mtungi mtupu, uliogongwa kwenye bega la mtungi, unapata kilichobaki.

Mitungi midogo ya mashine ya usingizi ina vitundu kwenye koki vinavyopokea pini za mashine. Oksijeni ni nafasi ya 2 na 5, naitrasi oksaidi ni 3 na 5. Ukiona haiingii, mtungi si wenyewe. Anayeng'oa pini ili uingie anaweza kumuua mgonjwa aliyelala pale mezani.

Saa 5

Lori limefika. Nasoma lebo kwanza, halafu tarehe ya kupimwa iliyogongwa begani, halafu lakiri ya koki. Rangi naiangalia mwisho. Mtungi mweusi wenye mabega meupe ni oksijeni ya hospitali kwa utaratibu wa zamani. Mipya mingi huja myeupe yote. Anayetegemea rangi peke yake siku moja ataunganisha gesi nyingine.

Utingo anataka kunisaidia kushusha, mikono ina grisi ya gari. "Mdogo wangu, kanawe kwanza, tena kwa sabuni. Koki usiiguse." Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya vingine viwake. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Ikivuka 23 tu, nguo na nywele zinashika moto upesi mno. Mafuta yakikutana na oksijeni ya mgandamizo yanaweza kuwaka bila kiberiti. Aprili 2021, hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, moto ulioanza kwa mlipuko wa mitungi ya oksijeni uliua watu zaidi ya 80, wengi wakiwa wagonjwa na ndugu waliokuja kuwauguza.

Lori halijaondoka, fundi wa karakana anakuja kuomba nafasi ya mtungi wake wa asetilini, gesi ya kuchomelea. Namwomba radhi na kumkatalia. Gesi inayowaka na oksijeni hazilali pamoja. Kanuni za Marekani hutaka mita 6 kati yao, au ukuta usioshika moto.

Saa 9 alasiri

Nabadilisha mtungi wodini. Nje, kabla ya kufunga regulata, kifaa cha kupunguza mgandamizo, nafungua koki kidogo na kuifunga, ipulize vumbi. Mimi nasimama pembeni, uso mbali. Baada ya kufunga regulata, koki nafungua polepole. Oksijeni ikiingia kwa kishindo hujigandamiza na kupata joto linaloweza kuwasha uchafu au mpira uliomo ndani.

Saa 12 jioni

Nyumbani, jirani amenunua jiko la gesi. Wengi wataingia huku, maana serikali ya Tanzania inalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ameulaza mtungi chini ya meza, jikoni kumefungwa.

"Mama, tuusimamishe kwanza." Ukilala, kinachoingia kwenye mpira ni kimiminika. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya, kwa hiyo tunausogeza nje ya ukuta, kwenye kivuli, mbali na mtaro. Povu la sabuni, ambalo kwenye oksijeni silitumii kwa sababu ya mafuta yake, hapa ndilo kipimo chetu. Tunapaka kwenye maungio. Linatoa mapovu pale mpira unapoingia kwenye regulata. Nafunga koki, nakaza kibano, tunapaka tena. Limetulia. Ndipo anabandika maharage.