Kidonge Hakinuki

Kwa miaka miwili na nusu mke wangu alinipima kwa pua. Nikirudi jioni kutoka karakana ananipokea mfuko wa vifaa, anasogea kama anayetaka kunipangusa vumbi la mbao begani, anavuta pumzi moja, halafu anasema, "Maji ya kuoga yako tayari, Baba." Hiyo ndiyo ilikuwa risiti yangu. Siku nyingine pumzi ile ikichelewa kidogo moyo unanidunda hata kama sijagusa kitu, maana mlevi aliyeacha huogopa kusingiziwa kuliko anavyoogopa kukosea.

Mimi ni seremala, Moshi. Niliacha pombe tarehe 27 Desemba 2018, na mtu wa huku akiiona tarehe hiyo hana maswali mengi. Krismasi kila aliyeko Dar, Arusha na Mwanza anapanda mlimani, kila kihamba, shamba la ukoo, kina pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na ukikataa kata aliyokupa mjomba wanasema umerogwa au umeokoka. Mwaka ule sikukataa hata moja. Juu ya mbege nikaongeza pombe kali za dukani, na usiku wa tarehe 26 nikamfanyia baba mkwe jambo ambalo sitaliandika hapa. Asubuhi nikachuma jani la sale, nikapiga nalo magoti mlangoni kwake. Mchaga akiletewa sale hana pa kukwepea, lazima asamehe. Mzee wa watu akalipokea, akaligeuzageuza, akasema, "La pili usiniletee."

Nikajiunga na kikundi cha AA, walevi wanaosaidiana kuacha. Jumamosi jioni, chumba cha nyuma ya kanisa, viti vya plastiki, chai ya rangi yenye tangawizi nyingi mno. Yupo pale dereva mstaafu wa malori, wakati ule akiwa na miaka kumi na tisa bila kugusa tone. Sisi wote tunamwita Mzee tu.

Juni 2021 tulikuwa tunapaua nyumba upande wa Kibosho. Asubuhi ya baridi, ukungu umelowesha mbao, nikakanyaga kenchi ambayo kijana yeyote wangu angeikanyaga ningemfokea. Muundi ukavunjika vipande viwili. Wakanipasua wakaweka chuma. Daktari aliponionyesha picha nilihesabu skrubu saba, na kama fundi niliridhika: zimekaa kwenye mstari, hakuna iliyopinda.

Kabla ya upasuaji nesi alinisomea fomu. "Unatumia pombe?"

"Nimeacha, dada. Miaka miwili na miezi sita."

"Hongera sana," akasema, akaandika Hapana.

Mimi nikalala pale kifua mbele kama niliyepewa cheti. Jibu sahihi lilikuwa refu kuliko ile nafasi ya kwenye fomu, na sikuona haja ya kumchosha.

Nikarudi nyumbani na tramadol, kapsuli za miligramu 50, nusu kijani nusu njano, moja mara tatu kwa siku saba. Naomba hapa nieleweke: maumivu yalikuwepo. Watu wengi nikiwasimulia wanataka kusikia kwamba nilikuwa natafuta kisingizio. Muundi uliokatika ukiguswa na shuka tu unaona nyota mchana. Kidonge kilifanya kazi yake, na namshukuru aliyekiandika.

Siku ya tatu kikafanya na kazi nyingine. Nimekaa nje, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa, saa tisa hivi, migomba imetulia haitikisiki. Joto likaanzia tumboni, likapanda kifuani, mabega yakashuka yenyewe. Deni la mbao, ada ya shule, ile nyumba ya watu niliyoiacha haina bati, vyote vikasogea mbali kama redio ya jirani iliyopunguzwa sauti. Nililijua joto lile. Lilikuwa la glasi ya tatu. Ni kama ukutane stendi na mtu mliyekaa naye gerezani, kila mmoja wenu anaomba mwenzake apite bila kusalimia. Mimi nilisalimia.

Siku saba zikaisha, nikaongezewa wiki mbili, kisha daktari akasema sasa paracetamol inatosha. Ilikuwa inatosha kweli. Lakini ile kapsuli ya saa nane mchana nilishaanza kuimeza saa sita, na ya usiku zilikuwa mbili. Nikaenda duka la dawa. Kijana wa duka la kwanza akaomba cheti cha daktari, nikamwona mjeuri. Sasa hivi ndiye pekee ninayemheshimu katika hadithi nzima. Duka la pili waliniangalia magongo wakanihurumia. Mguu ulipopona niliendelea kulibeba gongo moja kila nikienda kununua. Nikiingia dukani nalitegemea, nikitoka nikishapiga kona naliweka begani kama jembe. Lugha yetu nayo ina utani wake: gongo la kwanza maishani mwangu nililinywa, hili la pili likawa linaninunulia.

Kuficha hakukunipa shida. Karakana ina kopo la skrubu za inchi mbili, na hakuna anayechungulia kopo la skrubu la fundi. Jioni narudi, mke wangu anavuta pumzi yake, haipati kitu. "Maji ya kuoga yako tayari, Baba." Kidonge hakinuki. Hakimwagiki kwenye shati, hakikufanyi uimbe njiani. Tena nilikuwa mpole. Watoto wakivunja kikombe nacheka. Alimwambia dada yake kwenye simu, nami nasikia, kwamba ajali ile ilikuwa mbaya lakini imemrudishia mume wake. Tatizo pekee aliloliona ni choo. Nilikuwa napitisha siku nne, tano, na yeye kwa upendo wake wote ananimenyea mapapai, akidhani ni kukaa sana.

Desemba ikaja na miaka yangu mitatu. Kikundi kikanunua keki na soda. Mke wangu alivaa kitenge kipya, watoto wakaja. Nilimeza nne nyuma ya choo cha kanisa, nikaingia, nikasimama, nikasema jina langu, nikasema mimi ni mlevi na leo natimiza miaka mitatu bila pombe.

Nimelirudia lile tukio kichwani mara nyingi nikitafuta uongo nilioutamka. Haupo. Kila neno lilikuwa kweli. Na nilizungumza vizuri kuliko siku yoyote, sauti haikutetemeka, niliposimulia habari ya sale watu wakalia, binti yangu mkubwa akaja kunishika mkono mbele za watu, yeye ambaye kwa miaka alikuwa akiniamkia huku ameangalia pembeni. Keki ilikuwa na nanasi. Nilikula vipande viwili. Baadaye Mzee akanivuta nje kidogo.

"Fundi, mbona ulikuwa unajikuna pua muda wote?"

"Vumbi la mninga, Mzee."

Akanitazama, akasema haya, akaenda zake. Niliwahi kumlaumu kwa kuniacha pale. Sikuwa na haki.

Kufikia Februari 2022 nilikuwa kwenye kumi kwa siku. Kumi mara hamsini ni miligramu 500. Kile kikaratasi kilichomo ndani ya boksi, ambacho nilikuwa nakitupa kila mara bila kukikunjua, kinasema mtu mzima asipite 400. Alasiri moja nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya randa, nasubiri umeme urudi. Ni mara pekee nimewahi kushukuru umeme kukatika, maana sikumbuki kilichofuata. Kijana wangu anasema nilikakamaa kama ubao, nikaanguka kwenye maranda, nikatupa mikono na miguu dakika ambazo yeye aliziona kama saa zima. Watu wakajaa. Wa kwanza kuinama aliniwekea pua mdomoni. "Hanuki!" akatangaza. Mwingine akavua kiatu akaninusisha mimi, kwa ile imani ya kwamba kiatu kinamzindua mwenye kifafa. Kwa hiyo siku ile mtaa ulininusa, mimi nikanusa mtaa, na jibu bado halikupatikana.

Alilipata kijana. Alirudi kufunga karakana, hakuona funguo, akapindua kopo. Zilikuwa kapsuli thelathini na kitu kati ya skrubu. Akazifunga kwenye kofia yake, akazipeleka hospitali, akamkabidhi mke wangu bila kusema neno.

Daktari wa zamu hakuwa mkali. Alieleza kwamba tramadol ni ndugu wa morfini, na katika ukoo huohuo ndimo ilimo heroini, ile tunayoiita unga. Kwamba ikizidi inaweza kuleta degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani, na ikikutana na pombe mtu anaweza kulala akaacha kupumua. Mke wangu alisikiliza yote, kofia mapajani.

"Kwa hiyo," akauliza, "mume wangu ni teja?"

Daktari akatafuta neno, hakulipata upesi. Nilikuwa nimelichukia neno "mlevi" miaka yote hiyo. Pale kitandani nililitamani.

Siku niliporuhusiwa nilikwenda mpakani mwa kihamba, masale yamejipanga pale kama kawaida, nikasimama muda mrefu. Maneno ya baba mkwe yakanirudia. Mke wangu alikuwa amenifuata nyuma.

"Sitaki jani," akasema. "Nipe kopo."

Tulipunguza kwa mpango wa daktari. Alinishusha hadi sita palepale, halafu moja kila wiki, mke wangu akizitoa mwenyewe kwenye kabati lenye kufuli na mimi nikimeza mbele yake. Hiyo ni hesabu ya mwili wangu na daktari wangu, usiinakili. Ukiwa kwenye hali hiyo nenda hospitali, na usithubutu kukata ghafla kwa ubishi.

Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa kilevi chako, nilikuwa nimeisikia kwa vijana wa unga, nikaidharau. Ya pombe niliijua: kutetemeka, jasho, kuona vitu. Hii ni ya namna nyingine. Miayo mfululizo mpaka taya linauma. Kamasi. Vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyonyolewa, huku jua linawaka. Kichwani kinapita kitu kama umeme mdogo, tss, ukigeuza macho. Lakini iliyonishinda ni miguu. Usiku haitaki kulala, inataka kutembea bila wewe. Nilihamia sakafuni sebuleni nisimpige mke wangu mateke. Usiku mmoja, saa nane hivi, akaja na blanketi, akanitazama ninavyorusharusha, akakaa. Akaukalia ule mguu mzima. Ule wenye skrubu akaushika kwa mikono miwili. Hatukuzungumza mpaka majogoo. Ya mwisho niliimeza tarehe 2 Aprili 2022.

Kikundini niliwaambia Jumamosi iliyofuata. Kukawa na mvutano. Wengine wakasema dawa ya hospitali haihesabiki, miaka yangu iko palepale. Wengine wakasema nianze sifuri, na mmoja akaenda mbali zaidi, eti mtu kama sisi asimeze dawa yoyote, hata ukipasuliwa vumilia. Huyu alinikera, na bado ananikera. Avunjike muundi kwanza. Tena AA yenyewe inaasa mwanachama asijifanye daktari wa wenzake.

Mzee akasubiri wamalize. Akatukumbusha kwamba AA ilianza mwaka 1935 na watu wawili, na mmoja wao, Bob Smith wa Akron kule Ohio, alikuwa daktari wa upasuaji. Miaka ya ulevi wake alikuwa akimeza vidonge vya usingizi kwa wingi kutuliza mikono isitetemeke, aweze kwenda kazini. "Sasa nyinyi mnashangaa seremala," akasema, akamimina chai.

Kuhusu hesabu hakunisaidia. Alisema ni yangu. Nikaamua kuwa na tarehe mbili, zimeandikwa kwa penseli ya fundi nyuma ya mlango wa karakana, moja chini ya nyingine. Aliyesimama kwenye keki ya nanasi sijui nimweke chini ya ipi.

Mwaka jana walinitoa vyuma. Nesi aliponiuliza kama natumia pombe nilimwomba avute kiti. Akaniitia daktari, tukakubaliana dozi ya siku mbili, ishikwe na mke wangu. Zilibaki kapsuli tatu. Alizirudisha famasi yeye mwenyewe, akaomba waandike kwenye karatasi kwamba wamezipokea. Skrubu walinipa zote saba kwenye kimfuko.

Jioni bado ananipokea mfuko wa vifaa, bado anavuta pumzi yake. Ila nesi alimfundisha kwamba dawa za ukoo ule huweza kusinyaza mboni mpaka zikawa kama ncha ya sindano. Kwa hiyo siku hizi akishamaliza kunusa ananishika kidevu, ananigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, jicho hili, jicho hili. Halafu ndipo anasema habari ya maji.